Kilio cha Kache Kwenye Kitambaa

Kuna wazee wa Malindi walioingia kaburini wakimwita bibi yangu Kadii wa Mayowe. Hawakuwapo siku alipoyapiga hayo mayowe. Waliona picha tu, ile picha ya kutembea, yaani sinema, iliyoonyeshwa kwenye ghala la pamba, wakatoka pale na uhakika kumshinda yeye aliyekuwapo. Mimi ni mjukuu wake. Nimelala naye kitanda kimoja mpaka nikaolewa, na habari hii nimeisikia kinywani mwake, si kwingine. Naiandika kama alivyoisema, na anayetaka kubisha abishe na yeye huko aliko.

Kadii aliolewa Kwa Mramba, kijiji cha Wagiriama bara kidogo ya Malindi, mbele ya mto Sabaki. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na alijua kazi ya ukunga aliyofundishwa na mama yake, Kache. Kijiji kilikuwa na duka moja, duka la Kanji. Huyu Kanji alikuwa Baniani mwembamba mwenye masharubu aliyoyapaka mafuta kila asubuhi kabla hajafungua mlango. Aliuza chumvi, majembe, shanga, na nguo nyeupe ya kushonea hando, lile vazi la wanawake wetu lenye marinda mengi linaloujaza mwili kiunoni. Mkewe aliitwa Gomti. Ndiye aliyekuwa akipima hiyo nguo, na wanawake walimpenda kwa sababu mkono wake haukuwa wa choyo.

Gomti alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Prabhavati, ni Kadii aliyempokea. Maziwa ya mama yalichelewa kushuka. Kadii naye alikuwa ananyonyesha, basi akampa yule mtoto ziwa lake mpaka ya mamake yalipokuja. Tangu hapo wakaitana dada.

"Dada, mtoto wako ananyonya kama ndama," Kadii akimwambia.

"Ni maziwa yako hayo," Gomti akimjibu. "Akikua huyu atakataa chapati, atadai sima."

Ukaja mwaka wa vita, elfu moja mia tisa na kumi na nne. Serikali ilitaka vijana wa kubeba mizigo, na ilitaka watu wahame mashamba yao ya ng'ambo ya mto, na watu walikataa yote mawili. Siku moja askari waliingia Kwa Mramba alfajiri wakawakamata vijana waliowakuta usingizini, wakawafunga kamba wakaondoka nao. Mume wa Kadii alikuwa kwenye kazi za mashamba huko Takaungu. Nduguye mdogo, Menza, ndiye aliyekusanya wanaume waliobaki. Walichukua pinde wakalizunguka duka la Kanji.

"Hatuwaui," Menza alisema kwa sauti ili wote wasikie, na wa ndani pia. "Tunawaweka. Serikali iturudishie watoto wetu, na hawa waende zao."

Kadii peke yake aliruhusiwa kuingia na kutoka, kwa kuwa ndiye aliyepeleka maji. Akimkuta Gomti kakaa nyuma ya magunia, mtoto kifuani, na Kanji anazunguka chumbani akijisemesha kwa lugha ya kwao.

Halafu ikaja habari kwamba kijana mmoja kati ya wale waliochukuliwa alipigwa risasi alipojaribu kutoroka. Menza alipoisikia, uso wake ulibadilika.

"Kesho jua likishatoka nayachoma makuti ya duka hili," alisema.

Kadii alimfuata. "Mlamu," akamwita shemejiye, "mle ndani mna mtoto aliyenyonya ziwa langu."

"Kamtoe mtoto."

"Na mama yake?"

"Kadii, nenda ukateke maji."

Alikwenda, lakini hakuteka maji. Alivuka kijito mpaka kwa mama yake Kache, aliyekuwa akiishi ng'ambo, upande wa njia ya Malindi. Kache alikuwa mjane, mtu wa maneno, na ugoro haukumtoka puani.

"Mama," Kadii akamwambia, "nimekuja kuomba kifo chako."

"Kimekukosea nini hicho?"

Kadii akamweleza. Na hapa lazima nieleze na mimi, maana watu wa sasa hawajui. Kwetu mtu akifa, wanawake hutoka kwa mkumbo kwenda hangani, matangani kwa mfiwa, mikono kichwani, shuka za kaniki zimefunika vichwa na vifua, wakilia njia nzima. Hakuna mwanamume anayewasimamisha. Awe na upinde, awe na hasira gani, hupisha njia akainamisha macho, na hawaangalii usoni. Lakini kumlilia mtu mzima aliye hai ni mwiko mkubwa. Unamwitia kifo, na tena unamtumia kilio chake. Wanawake wakishamlilia mtu, wamemlilia. Siku akifa kweli hawana deni naye.

Kache alivuta ugoro, akafikiri, akafuta pua.

"Kilio changu kinakaa bure tu," akasema. "Kitumie. Lakini mnililie vizuri, msinililie kama mmepoteza kuku. Na huyo Baniani wako akifika pwani aseme. Aseme kwa kinywa chake kwamba alitoka kwa kilio cha Kache. Ili siku yangu ikija, wenzangu wajue kwa nini nilililiwa kabla ya wakati, wanililie tena. Sitaki kuingia mchangani kimya kama mbwa, Kadii. Unasikia?"

"Nasikia, mama."

Jioni ile Kadii aliingia dukani na mitungi ya maji, na ndani ya mitungi hamkuwa na maji. Mlikuwa na hando mbili, moja yake mwenyewe na moja ya rafiki yake Kanze, na shuka za kaniki.

"Mimi?" Kanji akasema alipoelewa. "Mimi nivae hando?"

"Vaa au uungue."

"Na masharubu yangu?"

"Masharubu hayalii. Yafunike."

Gomti alicheka machozi yakimtoka, mkono mdomoni. Kanji alimwangalia mkewe akicheka, na bibi aliniambia kwamba kama yeye angekuwa na akili ya kumsoma mtu, angeyajua yote kutoka kwenye lile jicho. Lakini dakika ile ile Kanji aliweka mkono kichwani kwa mtoto wake akasema: "Mama Kadii, nikifika pwani nitasema. Jina la mama yako nitalisema mbele za watu. Mtoto huyu ni shahidi."

Asubuhi kabla jua halijatoka, Kanze alipita nyumba kwa nyumba: Kache amefariki, Kache amefariki. Wanawake wakatoka na kaniki zao. Kadii alikuwa dukani, ameingia na maji kama kawaida. Aliposikia wenzake wanakaribia akajiangusha mlangoni akapiga ukelele, na wanawake wakaingia wote kwa pamoja kumwinua. Walilia kweli, maana walidhani ni kweli. Walipotoka walitoka wengi kuliko walioingia, lakini nani anahesabu wanawake wanaolia? Kanji alikuwa katikati, ameinama, Kanze amemshika kiuno kama mtu anayemsaidia mfiwa asianguke. Gomti alikuwa nyuma yake. Prabhavati alikuwa mgongoni kwa Kadii ndani ya mbeleko, analia na yeye, na kilio chake kilipotea ndani ya vilio vingine.

Wanaume walipisha. Menza aliulaza upinde wake chini.

"Pole, mlamu," alisema, macho ardhini. "Mama alikuwa mtu."

 Bibi alisema kwamba katika maisha yake yote hakuna neno lililomchoma kama ile pole ya Menza.

Baada ya kuvuka kijito Kanze aliwachepusha Kanji na Gomti kwenye mihogo, akawapa mtoto wao kutoka mgongoni kwa Kadii, akawaonyesha njia ya Malindi. Wanawake wengine waliendelea mpaka nyumbani kwa Kache. Walimkuta amelala, amefunikwa. Wa mbele akapiga magoti amguse, na Kache akapiga chafya. Ugoro.

Walikimbia hadi kijitoni. Waliporudi, walirudi na matusi. Kache akakaa kitako akawaambia: "Mmenililia vizuri, nashukuru. Isipokuwa huko nyuma, nani alikuwa analia kama anapiga miayo?"

Hakuna aliyecheka. Kadii aliwaambia ukweli wote palepale, kwamba ametoa watu watatu wasichomwe moto, na kwamba Kanji atakuja kusema mwenyewe. Wakamwambia, sawa, aje aseme.

Kanji hakusema. Njiani alikutana na kikosi cha askari kinakuja. Askari wale walifika Kwa Mramba, wakalipiga risasi duka tupu, wakachoma nyumba zetu, na Menza alikufa siku hiyo, yule shemeji aliyempa Kadii pole. Mkubwa wa askari alisema kwamba ni yeye aliyewaokoa Mabaniani mikononi mwa waasi. Kanji aliulizwa, akasema ndiyo. Angesema nini? Kwamba alitoka ndani ya marinda? Alipewa uwanja mzuri wa duka Malindi mjini, akaanza upya, na masharubu yake yakarudi kung'aa.

Watu wa Kwa Mramba walitawanyika. Kadii na mama yake waliangukia upande wa Muyeye, kwenye kibanda cha watu. Huko Kache alishikwa na homa wakati wa masika, akafa. Kadii alipiga ukelele wa hanga. Wanawake wa kwao waliokuwa karibu walisikia, wakabaki majumbani mwao.

"Kache tulishamlilia," walimwambia. "Ulituchezea na kifo, Kadii. Baniani mwenyewe anasema alitolewa na askari. Siku ile ulitufanya tulie kwa nini?"

Alilia na Kanze, wawili tu. Kache aliingia mchangani kimya, kama alivyoogopa.

Siku za msiba zilipokwisha Kadii alikwenda dukani kwa Kanji. Gomti alimpa kiti, akamshika mikono, wakalia pamoja kidogo. Kadii akamwambia Kanji: "Njoo uwaambie wanawake. Hata leo. Mama yangu bado hajaliliwa."

Kanji akamwambia ngoja. Safari nyingine alipokwenda, akaambiwa ngoja. Alingoja mpaka vita vya Mjarumani vikawa vinakwisha. Ndipo Kanji mwenyewe akamwita kwa furaha.

"Mama Kadii, sikiliza. Amekuja Mzungu wa picha za kutembea. Anatengeneza picha ya mkasa wetu wote, tangu kuzingirwa mpaka kuokoka. Mimi nikisema, ni maneno, watu watayasahau. Picha wataiona kwa macho yao. Na wewe utakuwamo."

"Na kilio cha mama?"

"Kitakuwamo."

Gomti alikuwa anakunja nguo. "Kitaonekana, dada," alisema.

Kadii alikwenda kwa wanawake wa kwao mmoja mmoja. Wakakubaliana hivi: tukiona kwa macho, tutamfanyia Kache hanga lake, kilio chote, hata kama ni mifupa. Ndilo jambo alilolitaka, hakutaka jingine.

Nje ya Malindi yule Mzungu alijengesha duka la uongo la makuti. Vibarua wa pamba walipewa pinde waigize. Kadii aliambiwa asimame mbele ya mashine alie kama alivyolia. Alisita. Kukirudia kilio kile kwa mchezo kulimtisha. Kisha akaona basi, atalia kweli. Akaweka mikono kichwani, akainua uso, akamlilia mama yake kwa jina, kilio ambacho wanawake walimnyima. Vibarua walishusha pinde zao, mmoja akajifuta macho. Mzungu akapiga makofi.

"Na wewe na hando?" Kadii akamuuliza Kanji. "Mbona sijakuona ukivaa?"

"Yangu watapiga kesho, mama. Kesho."

Gomti alikuwa karibu. Alimrekebisha mtoto nguo ambayo haikuwa na kasoro.

Picha ilikwenda kwanza Mombasa, halafu ikarudi kuonyeshwa Malindi. Walichagua ghala la pamba, mchana, wakaziba madirisha kwa magunia ili pawe giza. Kitambaa cheupe kilitandazwa ukutani. Mbele walikaa wakubwa wa serikali, nyuma yao wenye maduka na wake zao, na nyuma kabisa watu wetu. Wanawake wa kwao Kadii walikuja wote, toka Muyeye na mbali zaidi, wamevaa hando safi. Wengine walikuja na kaniki begani, tayari kwa hanga.

Picha yenyewe haikuwa na sauti. Ilikuwa na maandishi ya Kiingereza, na kwa kuwa Kanji alikwisha kuiona Mombasa, alisimama kando ya kitambaa na fimbo, amevaa koti, akawaeleza watu kwa Kiswahili.

Likaonekana duka. Likaonekana Kanji na Gomti wanafanya kazi kwa amani. Halafu uso wa Kadii ukajaa kitambaa kizima, mkubwa kuliko mlango, mikono juu, mdomo wazi, na hakuna kinachosikika ila mashine inavyokwaruza. Watu walishtuka. Mara ile ile wakatokea wanaume wenye pinde wanakimbia kutoka porini, kana kwamba wamemsikia.

Fimbo ya Kanji ikagusa uso wa bibi yangu.

"Huyu mwanamke," alisema, "ndiye aliyewaita wapiganaji. Hapa anapiga mayowe, anawaambia waje watuue."

Akaendelea bila kugeuka nyuma. Kwenye kitambaa Kanji alikuwa na bunduki, anapigana mlangoni peke yake, masharubu yanang'aa. Ikapulizwa tarumbeta isiyosikika. Askari wakaja, moshi ukatanda, mkubwa wao akambeba Gomti na mtoto akawatoa nje. Watu wa mbele wakashangilia.

Kadii akasimama. "Kanji! Hando iko wapi?"

Wengine wakacheka, hawakujua anasema nini.

"Bibi, kaa chini," Kanji akasema. "Watu wanaangalia."

"Nami nakuangalia. Hando niliyokuvika iko wapi?"

"Jamani, mtoeni huyu."

Kadii akamwacha. Akamtafuta Gomti kwa macho, akamwona kwenye mstari wa wake wa wenye maduka, Prabhavati magotini. "Dada," akamwita, na sauti yake ilikuwa ya chini sasa. "Mimi sitaki kitu kwako. Sema wewe. Ulitokaje mle ndani?"

 Hata wakubwa waligeuka. Gomti alikiangalia kitambaa, hakumwangalia yeye.

"Askari walitutoa," alisema.

Kanji bibi angeweza kumsamehe. Alimjua ni mtu wa masharubu. Lakini Gomti alivaa hando ile akafungwa kiunoni kwa mikono ya Kadii, na alipocheka jioni ile walicheka wote wawili.

Nyuma, wanawake wetu walikuwa wanasimama mmoja mmoja. Wale wenye kaniki walizikunja. Mkubwa wao alipita karibu na Kadii akamwambia, bila hasira: "Tumeona kwa macho, Kadii." Wakatoka. Na hanga la Kache likatoka nao.

Kanze alitaka kumshika mkono amtoe. Kadii alimwondoa, akapita katikati ya watu mpaka mbele, akasimama kati ya mashine na kitambaa, na wale askari wa picha wakawa wanakimbia juu ya hando yake na uso wake. Akaweka mikono kichwani. Akalia. Mara hii kulikuwa na sauti, na ghala lote liliijua ni sauti gani.

"Oo, Kanji! Oo, Kanji, jirani yangu! Oo, Gomti, dada yangu wee, umeniacha na nani!"

Kwa majina. Watu wetu waliobaki mlangoni waliziba masikio. Wazungu walidhani mwanamke ameingiwa na wazimu. Lakini Kanji alikaa na Wagiriama miaka mingi, aliyajua mambo yetu, na fimbo ilimwanguka mkononi. Gomti alimfunika mtoto uso.

Alipomaliza kuwalilia, Kadii aliondoka. Alinyoa nywele kama mfiwa. Akakaa mkekani siku zote za msiba, na Kanze ndiye aliyempikia. Kisha akaoga, akaendelea na maisha yake, akazalisha watoto wa watu, akatulea sisi. Kache hakuliliwa tena. Mpaka leo hajaliliwa.

Njia ya sokoni ilipita mlangoni kwa Kanji. Bibi aliipita miaka yote ile kama mtu apitavyo makaburini, taratibu, kichwa kimeinama kidogo. Mzee Kanji akiwa kitini pake humwita, "Mama Kadii, karibu!" na yeye hupita. Mara moja Gomti alimkimbilia mpaka njiani, hando imekunjwa mikononi, ile ile, ameihifadhi. "Dada, hando yako. Dada, ichukue." Bibi alimgeukia Kanze akamwambia, "Leo kuna upepo," wakaenda zao. Gomti alibaki pale njiani amesimama nayo.

Prabhavati peke yake ndiye aliyekuwa akisalimiwa, maana yeye hakuliliwa. Siku moja, ameshakuwa msichana mkubwa anayepima nguo kama mamake, alimwona bibi anapita akatoka nje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa wazazi wako."

Msichana akaangalia ndani ya duka, akamwangalia tena. "Lakini bibi, wako ndani. Wanakunywa chai."

"Najua, mwanangu," Kadii akasema. "Niliwalilia mwenyewe."